Kitako cha Gorogoro

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
na nyundo ya fundi Kegode, aliyoisahau kwetu
alipomaliza kuezeka choo.
Sokoni Chavakali nilikuwa nimeona wenzetu wanavyofanya:
gorogoro linapinduliwa, linagongwa kitako polepole,
bati linabonyea ndani kama tumbo la mwenye njaa,
na machoni pa mnunuzi kopo limejaa, limefurika hata.
Nikasema, nimsaidie mama.
Nikagonga.

Jumatano ile gunia lilikawia kuisha.
Mama alihesabu pesa mara mbili, akarudia ya tatu,
kisha akatia mkono ndani ya kopo
taratibu, kama anayepapasa mtoto mwenye homa.
Akanyamaza.

Sisi wa Kanisa la Marafiki tunakujua kunyamaza;
kuna Jumapili tulitulia hadi tukasikia
kuku wakiparura nyuma ya madhabahu.
Lakini ukimya huu ulikuwa na mwenyewe,
na mwenyewe alikuwa mimi.

Hakunipiga, hata konzi la kichwani.
Laiti angenipiga.
Alijifunga leso kiunoni, akanitwika nusu debe la maharagwe,
tukaanza kupanda na kushuka
katikati ya mawe makubwa ya Maragoli,
mlango kwa mlango.

Kwa Mama Inyanza: "Tulikupunja. Kinga hapa."
Kwa Mzee Amugune, aliyecheka hadi akashika ukuta:
"Jerusa, mbona hata sikuona!"
"Aliye juu ameona," mama akajibu. "Nami nimeona."
Kwa yule mwanamke wa Lunyerere, tusiyejua jina lake,
tulifika usiku umeingia.
Mbwa akatujia juu. Mama akasema naye kwa upole,
kama anavyosema na wakwe,
hadi mlango ukafunguka.

Tulikupunja. Kila mlango, tulikupunja.
Hakusema hata mara moja, "mtoto huyu."
Aliingia ndani ya kosa langu
kwa miguu yake yote miwili, yenye nyufa,
akakaa humo nami mpaka debe likaisha.

*

Sasa nakaa Nakuru, kibanda cha mizani ya malori,
nje ya kiwanda cha unga.
Vumbi jeupe hunikaa kwenye nyusi, uzee wa kuazima.
Wapo madereva wanaopitisha dirishani gazeti lililokunjwa,
gazeti zito kuliko habari zake.

Sitaficha. Mara moja nililipokea.
Mwaka ule mwanangu alikuwa amelazwa.
Palipokuwa na tani ishirini na sita
niliandika ishirini na nane, na mkono haukutetemeka.
Usiku sikuota moto wala shetani.
Niliota debe kichwani, na vilima.

Alfajiri nikampigia simu. Nilitaka anipe aya,
au anikemee, nilie, yaishe.
Alisikiliza yote. Nikasikia jogoo wake, nikasikia kijiko sufuriani.
Kisha akauliza:
"Kwao ni mbali?"

Hakukuwa mbali.
Ngazi kumi na nne hadi mlango wa meneja.
Nikasimamishwa miezi miwili bila mshahara,
na wiki iliyofuata basi la Mbale likaniletea
gunia dogo la maharagwe, limeshonwa kwa uzi wa buluu,
bila barua.

*

Tulipomzika, dada yangu Mideva alilitoa gorogoro uvunguni.
Nikalipindua.
Alikuwa amejaribu kulinyoosha, alama za jiwe zinaonekana,
lakini bati likishabonyea halisahau.
Kitako kimebaki na kilima kidogo,
chembamba kama kucha.

Ndipo nikaelewa ile konzi ya maharagwe
aliyoiongeza juu ya kila kipimo, miaka thelathini,
watu wakisema, Jerusa ana mkono mwepesi,
Jerusa hajui biashara.
Alikuwa akijua hesabu yake.

Ilikuwa konzi yangu.